Paka wa Sultani na Moto wa Ukinga

Wapo miongoni mwetu wasomi wanaozibeza ngano. Husema ya kwamba aliyesikia moja amezisikia zote: kuna Sultani na wanawe saba, kuna kitinda mimba anayedharauliwa, kuna zimwi, kuna mnyama anenaye, na mwisho kuna arusi. Wapo na wengine, nao ni wa hatari zaidi, ambao hawazibezi hata kidogo. Hao huzisadiki neno kwa neno, wakatoka nazo barazani na kuzifanya ushahidi wa kumhukumia jirani. Makala haya yamekusudiwa kuwajibu wote wawili.

Mfano wetu tumeutafuta mbali na bahari. Wasomaji wetu wa visiwani wengi huijua Kyela kwa mchele wake unaonukia, lakini si wengi waijuao kwa simulizi zake. Na hakika, mahali pale ni kama pameumbwa kwa ajili ya ngano. Upande wa mashariki Milima ya Livingstone inasimama wima kama ukuta, na miguu yake imo majini. Chini yake ni Ziwa Nyasa, ambalo kina chake mahali penye kina kirefu hufikia kiasi cha mita 700. Kuna majira ambapo vijidudu vya ziwani huinuka kwa mamilioni na kusimama juu ya maji kama nguzo za moshi. David Livingstone aliviona mwaka 1861 akavifananisha na moshi wa nyika inayoungua. Mtu anayeishi kati ya ukuta wa namna hiyo na moshi usio na moto atakosaje la kusimulia?

MGENI MLETA MOTO

Mabingwa wawili wa elimu ya jamii, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938. Katika kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu ibada za jumuiya za watu hao, Monica Wilson aliandika simulizi ambazo wazee walikuwa wakiambiana. Mojawapo ni ile isemayo kwamba watawala waliteremka kutoka Ukinga, kule juu ya Milima ya Livingstone, wakawakuta wenyeji wa bondeni wanakula chakula kibichi. Wageni wale walikuja na ng'ombe na moto. Wenyeji walipoonja chakula kilichopikwa, wakakubali kutawaliwa.

Msomaji wa Unguja au Pemba asicheke upesi. Anayo yake. Tarehe ya Kilwa, katika nuskha yake ya Kiarabu, yatueleza habari za baba na wanawe sita waliotoka Shirazi kwa majahazi saba, kila jahazi likatua mahali pake. Yule aliyefika Kilwa alikinunua kisiwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka chote. Huku ni mlima, kule ni bahari. Huku ni moto, kule ni nguo. Lakini kanuni ni ile ile: mgeni mtukufu hutoka mbali, huja na kitu ambacho wenyeji hawanacho, nao wenyeji humpa nchi kwa hiari yao.

Yatupasa kuuliza: nani aliyekuwa akiisimulia ngano hii, na kwa faida ya nani? Wataalamu wa mambo ya kale wameonyesha kwamba miji ya pwani ilikua kutokana na vijiji vya wenyeji wenyewe, wavuvi na wakulima, ijapokuwa wageni walikuja wakaoana nao. Na kuhusu moto, binadamu wa sehemu zetu hizi waliujua tangu zama za kale zisizo na hesabu ya vizazi. Hata leo, akina mama wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema, hufinyanga vyungu vinavyosifika pwani yote ya kaskazini ya ziwa. Na chungu hakiwi chungu mpaka kimeokwa. Kudai kwamba nchi nzima ilikuwa ikila mbichi hadi vizazi kumi hivi vilivyopita si historia. Ni hati ya kumiliki iliyoandikwa kwa wino wa ngano.

Lakini hapa ndipo ngano inapotuonyesha utajiri wake. Wenyeji hawakuinyamazia. Katika simulizi hizo hizo wananchi wa kawaida walibaki na uwezo wao: pumzi ya watu. Mtawala au tajiri aliyewanyima jirani zake haki, manung'uniko yao yalimjia kama baridi, akaugua. Basi mtawala alikuwa na moto, na watu walikuwa na pumzi. Na kila mtu ajua kwamba pumzi huweza kuukoleza moto na huweza kuuzima.

MFALME NA NCHI, MWILI MMOJA

Kanuni ya pili ni ya mfalme ambaye mwili wake ndio nchi. Akiwa mzima, mvua hunyesha. Akidhoofika, mazao hukauka. Huko Lubaga, katika nchi ya Wanyakyusa, alikaa Lwembe. Ng'ambo ya Mto Songwe, upande wa Karonga, alikaa Kyungu wa Wangonde, na ngome yake ilikuwa Mbande. Watu hawa hawakuruhusiwa kufa kwa maradhi kama wengine. Ugonjwa wao ulipozidi, wazee wa ibada waliwaziba pumzi kabla maradhi hayajawamaliza, ili udhaifu wa mwili usiingie ardhini. Cheo hicho hata warithi wenyewe walikiogopa.

Kanuni hii imezunguka dunia. James Frazer wa Uingereza aliikusanyia mifano kutoka mabara yote katika kitabu kilichoanza kutoka mwaka 1890. Mwandishi J.R.R. Tolkien, ambaye alizaliwa Bloemfontein katika Afrika ya Kusini mwaka 1892, aliifanya nguzo ya riwaya yake kubwa iliyochapishwa mwaka 1954 na 1955: mfalme wa kweli anarudi, mikono yake inaponya wagonjwa, na nchi iliyokauka inachipua. Vijana wetu wanaoitazama hadithi hiyo katika filamu hudhani ni jambo geni la Ulaya. Laiti wangaliambiwa habari za Lubaga, wangalijua kwamba babu zao walikuwa na wazo hilo hilo, tena lenye ukali zaidi. Mfalme wa riwaya hufurahia kiti chake. Lwembe alijua siku ya kwanza kwamba kiti kile kitamwua.

Kuna somo kwa wenye madaraka hapa, nasi hatutalificha. Ngano hii yasema kwamba uongozi ni mzigo unaobebwa kwa mwili, wala si mto wa kuegemea. Tunayakataa mauaji yaliyofuatana na imani ile, wala hatuna haja ya kuyarudisha. Lakini wazo la kwamba njaa ya wananchi lazima ionekane katika afya ya kiongozi halijapitwa na wakati.

PAKA WA SULTANI

Kanuni ya tatu ni ya visiwani kwetu. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha huko London mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Unguja. Ndani yake imo habari ya Sultani Majinuni, ambaye alikuwa na wana saba na mtende mmoja. Kila mwaka ndege waliumaliza mtende ule. Wakubwa walitumwa kuulinda, mmoja baada ya mmoja, wakashindwa. Aliyefaulu ni kitinda mimba, yule aliyekuwa akikaa jikoni na wapishi, na ambaye baba yake hakutaka hata kumtazama.

Hapo tumekwisha kuipata kanuni inayojulikana mno duniani: mdogo aliyedharauliwa ndiye mwokozi. Lakini msimuliaji wa Unguja hakuishia hapo. Sultani alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakashtaki. Sultani akajibu kwamba mla na mliwa wote ni mali yake. Paka akala mbuzi, akala ng'ombe, akala punda, mwishowe akala watoto wa watu. Kila waliposhtaki walifukuzwa. Siku paka alipowaua wana wa Sultani mwenyewe, ndipo Sultani alipotamka kwamba huyu si paka tena, huyu ni nunda. Ikambidi kitinda mimba aingie mwituni kumsaka, na mara nyingi alirudi na mnyama asiye yeye, mama yake akimwambia siye, mpaka alipompata.

Tuitazame kazi ya marudio katika hadithi hii. Ndama, mbuzi, ng'ombe, punda, mtoto: asiyejua husema msimuliaji anatuchosha. La hasha! Marudio ndiyo hoja yenyewe. Maovu hayaanzi na mtoto wa mtu. Huanza na ndama, na kila lisiloadhibiwa huzaa kubwa kuliko lenyewe. Mtumishi mwovu anayelindwa na mkubwa wake huitwa paka kwa muda mrefu, naye huitwa nunda siku ile tu anapomrukia aliyemfuga. Hadithi hii ingalisimuliwa kwa mara moja tu, bila ngazi zake, ingalikuwa habari ya mnyama mkali. Kwa ngazi zake, ni mashtaka.

SI KOSA KURUDIA

Mrusi Vladimir Propp alichambua ngano mia moja za kwao, na katika kitabu chake cha mwaka 1928 akaonyesha kwamba chini ya mapambo yote mna matendo 31 tu yanayofuatana kwa utaratibu: mtu anaondoka nyumbani, anakatazwa jambo, anavunja katazo, anapewa msaada wa ajabu, na kuendelea hadi arusi na ufalme. Wapo waliosoma uchunguzi wa namna hiyo wakahitimisha kwamba ngano ni mashine. Sisi twaona kinyume chake. Mshairi hufungwa na vina na mizani, wala hakuna anayesema kwamba tenzi zote ni utenzi mmoja. Kanuni ni chombo. La kuuliza ni kimepakiwa nini.

Shaaban Robert alilijua jambo hili kuliko wengi. Mwaka 1951, wakati wa ukoloni, alitoa Kusadikika, habari za nchi inayoelea angani, ambamo mshtakiwa Karama anajitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya kuinufaisha nchi yao, wakalipwa mateso. Safari ya mjumbe ni kanuni kongwe. Lakini msomaji wa wakati ule alielewa vema ni serikali gani iliyokuwa ikitia mizinga midomoni mwa wenye busara. Mwaka 1952 alitoa Adili na Nduguze, akichukua kisa cha ndugu wahasidi waliogeuzwa wanyama, ambacho kimo pia katika Alfu Lela u Lela, akakivika maadili yake. Na mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Pemba, alitoa Babu Alipofufuka, ambamo mzimu wa babu unarudi kumsumbua mjukuu aliyeneemeka huku wengine wakihangaika. Mzimu anayerudi ni wa kale kuliko vitabu vyote. Dhamiri anayoiamsha ni ya leo.

Tatizo basi haliko kwa mwandishi anayerudia. Liko kwa yule anayerudia bila kupakia kitu: jini kwa ajili ya jini, kikongwe mchawi kwa sababu filamu iliyotangulia ilikuwa na kikongwe mchawi. Huyo amechukua jahazi la wazee akalisafirisha tupu.

MLANGO WA KUINGILIA NA WA KUTOKEA

Sasa tufike kwenye kanuni ambayo watu huiona ndogo kuliko zote, nasi twaiona kubwa kuliko zote. Msimuliaji wa visiwani haanzi mpaka amesema "Paukwa!" na wasikilizaji wakaitikia "Pakawa!" Na hamalizi mpaka amefunga, kwa kusema kwamba hadithi ikiwa njema ni ya wote, na ikiwa mbaya aachiwe yeye aliyeisimulia.

Maneno hayo si pambo. Ni milango. "Paukwa" ni mlango wa kuingilia: wanaoitikia wanakubali, kwa hiari na kwa sauti, kwamba tangu sasa paka ataweza kula mji. Na kufunga hadithi ni mlango wa kutokea: tumerudi duniani, na mzee aliyeketi pembeni ni yule yule bibi yetu.

Sisi tuliosoma vyuoni kabla ya kuingia skuli tulifundishwa mlango wa aina nyingine. Neno hadithi lenyewe twalijua kwa maana mbili. Wanavyuoni wa Hadithi za Mtume, kama Imamu Bukhari aliyefariki mwaka 870, hawakukubali kauli mpaka wamemwuliza mpokezi: umesikia kwa nani, naye alisikia kwa nani? Mlolongo huo, isnadi, ndio mlango wa ukweli. Basi wazee wetu walikuwa na milango miwili mbalimbali: penye dai la ukweli walidai isnadi, na penye ngano walisema Paukwa. Msiba huanza pale mtu anapoleta jambo lisilo na isnadi wala Paukwa, akataka lisadikiwe.

CHATU ALIPOTOKA NJE YA NGANO

Turudi Kyela. Wanyakyusa wa zamani walisema kwamba mchawi hubeba chatu tumboni, na chatu huyo humsukuma kutamani nyama na maziwa ya wengine. Walikuwapo pia walinzi wa kijiji, walioitwa abamanga, waliosemekana kuwaona wachawi usiku katika ndoto na kupigana nao. Kama sura ya fasihi, hatujui iliyo bora kuliko hii kuielezea tamaa: nyoka aliyejikunja ndani ya mtu, asiyeshiba cha kwake. Mnyonyaji yeyote ana chatu tumboni. Lakini chatu huyo alipotolewa katika sura na kufanywa mnyama wa kweli, watu walinyweshwa mwavi, na maiti walipasuliwa ili atafutwe.

Wala tusijidanganye kwamba hayo yamekwisha na babu zetu. Sheria ya Uchawi ilitungwa Tanganyika mwaka 1928, na miongo mingi baadaye bibi vizee wa Usukumani bado waliuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuwapikia wajukuu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mkoa wa Mbeya, ambao Kyela ni wilaya yake, ulitajwa kwa visa vya kutisha vya watu kuuawa na kuchunwa ngozi. Kuanzia mwaka 2006 hivi wenzetu wenye ualbino wakaanza kuwindwa, mpaka Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli.

Tazameni kanuni iliyomo. Kiungo cha mwili chenye uwezo wa kuleta mali ghafla ni kifaa cha ngano: ni pete, ni taa, ni ngozi ya ajabu. Barazani hakimdhuru mtu. Kilipotoka bila kupita mlango wa kutokea, kikawa panga.

Na visiwani? Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilianza Pemba ikavuka hadi Unguja. Watu wazima, wenye akili zao, walikesha nje ya nyumba zao wakiota moto kwa kuogopa kivuli chenye mbawa za popo. Ingaliishia hapo tungalicheka. Lakini mtu mmoja asiye na hatia, mgonjwa wa akili, aliuawa na umati wa watu mjini Unguja kwa kudhaniwa ndiye. Hakuna aliyeuliza isnadi. Hakuna aliyesema Paukwa.

YATUPASAYO

Dawa si kuzipiga marufuku ngano. Zimwi likifukuzwa vitabuni halifi. Huhamia uvumini, na huko halina msimuliaji wa kulifunga. Twapendekeza mambo manne.

Kwanza, maofisa wa utamaduni wahimize kukusanywa kwa simulizi za pwani ya Ziwa Nyasa, za Wanyakyusa, Wakisi na Wakinga, kama zilivyokusanywa za visiwani. Zikusanywe pamoja na maneno ya kuzifungulia na ya kuzifungia, na jina la mahali zilikosimuliwa. Mkusanyaji anayeacha milango nje ameiba nyumba nusu.

Pili, walimu wazifundishe kanuni hizi kwa majina. Mtoto aliyekwisha kujifunza kwamba kikongwe mchawi, kiungo chenye mali na mgeni mleta moto ni vifaa vya utungaji, atavitambua siku mganga wa uongo atakapomletea kama habari.

Tatu, watungaji wa riwaya na filamu wajiulize, kabla ya kumweka bibi kizee mwenye macho mekundu, wamempakia nini. Steere alimwandika nunda katika mwaka 1870 na bado anatung'ata. Wachawi wengi wa filamu zetu hawaishi hata msimu mmoja, lakini huacha shaka nyuma yao katika vijiji ambako kina bibi wanaishi peke yao.

Nne, na hili ni la watumishi wa umma. Viongozi wa wilaya na masheha ndio hupokea uvumi kwanza. Uvumi unapofika mezani kwamba fulani amemroga fulani, swali liwe lile la wanavyuoni: umesikia kwa nani, naye kwa nani? Aghalabu mlolongo utakatika katika jibu la pili, na huenda roho ya mtu ikaokoka hapo. Lakini mwananchi anapokuja kushtaki kwamba ndama wake ameliwa, na mla ni mtu wa karibu na mkubwa, hiyo si ngano. Mkubwa huyo asingoje kufikiwa na zamu ya wanawe ndipo alitaje jina la nunda.